Kwao Khasandi: Kutoka Lubao hadi Mayoni na Buyangu

Niliondoka Lubao kwa sababu wageni walisukuma sahani nyuma nyumbani kwangu. Acha nieleze mwenyewe, maana najua nyinyi wa hapa sokoni mmeshasimuliana yenu, na yenu yametiwa chumvi mpaka hayaliki.

Mjukuu wangu Bevalini, binti wa mwanangu wa kwanza, alileta mchumba. Kijana anaitwa Protas, wa Mayoni kule Matungu, watu wa miwa. Kijana mzuri, sikatai. Anasalimia watu kwa mikono miwili na hanywi mchana. Siku watu wake walipokuja kujitambulisha tulichinja ingokho, kuku wetu wa kienyeji, tukasonga obusuma, ugali wa wimbi, mweusi na laini, ule wa heshima. Kati ya wageni kulikuwa na mama wa rika langu, Konsolata, dada wa babu yake Protas. Alikuwa na fimbo na macho ya kuhesabu. Aliyahesabu hata matundu ya mabati yangu.

Katikati ya kula, mdomo umejaa, akaniuliza, "Na wewe mama mwenye boma, wajomba zako ni akina nani?"

Hapo nikatunisha kifua. Wanaonijua wanajua sina shule ya kujivunia, niliiacha darasa la tatu, lakini nina mama wa kujivunia. Nikamjibu, "Mama yangu mzazi alikuwa Khasandi, binti wa Abalukoye. Aliwalea watoto wa Mzungu wa mgodi wa dhahabu hapa Kakamega. Alijua kupiga pasi wakati mama zenu hawajajua sabuni."

Konsolata akaacha kutafuna. Akasukuma sahani. Wenzake wakamtazama, nao wakasukuma zao, mmoja baada ya mwingine.

"Sisi ndio Abalukoye," akasema. "Khasandi alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Mama, watoto hawa ni ndugu. Hatuwezi kula hapa kama wakwe."

Wakaondoka. Bevalini alibaki amesimama na jagi la maji ya kunawa, maji yanamwagika kwenye viatu vyake vipya.

Nyinyi mnajua mila yetu. Mtu haoi ukoo wa baba yake, wala wa mama yake, wala ule walikotoka nyanya zake, wala ile nyumba, mlango tunasema, alikozaliwa mama wa nyanya yake. Ukipita hapo hakuna mzee atakayesimama kubariki, na mtoto wa kwanza akikohoa tu, lawama ni yako. Hilo silibishi. Nilichobisha ni Konsolata. Nilinusa kitu. Nilikuwa nimesikia kwamba mama yake Protas alikuwa amemtafutia mwanawe msichana mwalimu wa Mumias. Sasa ukitaka kumkataa msichana wa watu bila kugombana, utafanyaje? Unamsingizia marehemu. Marehemu hatainuka kukana.

Na walinijua nilipo dhaifu. Mama yangu alikufa nikiwa msichana mdogo wa kuteka maji, nikalelewa na mama wa kambo. Jina la ukoo wa mama nilikuwa nalo mdomoni, lakini nyumba yenyewe, mlango wenyewe, sikuwahi kuujua. Abalukoye ni wengi kama siafu. Kwa nini awe wa mlango huo huo wa Protas?

Mwanangu alitaka kutuma wazee. Nikamwambia wazee watapewa chai na mayai, watarudi wakisifu chai. Naenda mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, Bevalini alinisindikiza mpaka barabarani.

"Kukhu, nyanya yangu, usiende kupigana."

"Nimewahi kupigana na nani?"

"Na mama wa kuku. Na karani wa kanisa. Na daktari wa meno."

"Daktari wa meno ndiye alianza."

Hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Kama ni uongo, wapasulie. Kama ni kweli, uniambie kweli. Nisizungushwe kama mtoto. Mimi ndiye nitakayelala na hilo jambo." Macho yalikuwa mekundu. Nikaona kwamba sifuati heshima ya mama yangu peke yake. Nabeba maisha ya huyu.

Mumias nilishuka kubadilisha gari. Mwanaume mmoja mwenye kofia nyeupe, anauza ndala na mikeka, alinisalimia, "Salaam aleikum, mama. Gari la Matungu ni lile pale."

Nikamkazia macho. "Nani amekuambia naenda Matungu?"

"Mama yangu, wa kwenda Kakamega wanapandia kule. Wewe umesimama huku, umekumbatia mkoba kama mtu anayeenda kuwaona wakwe asiowapenda."

Nikashika mkoba kwa mkono mmoja. Lakini alikuwa amenionyesha gari la kweli.

Mbele ya hapo ni miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, imesimama kama ukuta, na barabara katikati imepakwa matope ya magurudumu ya matrekta. Trela zinapita zimejaa mpaka zinayumba, watoto wanakimbia nyuma wakichomoa. Mtu wa Lubao amezoea kuona mbali. Kule huoni ng'ambo, huoni nani anakuja, na mimi sipendi mahali pasipoonyesha nani anakuja.

Stendi ya Mayoni nilichukua pikipiki. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa boda akaniuliza, "Wewe ni mgeni wa Mama Konsolata?"

"Umejuaje?"

"Alisema wiki hii atakuja mama mmoja mfupi, mwenye hasira. Nimeona urefu, sasa naona ile nyingine."

Niliketi nyuma yake nikichemka. Kwa hiyo nilikuwa nangojwa. Mtu anayekungoja ameshapanga maneno, na mimi nilitaka kumkuta hajapanga. Njiani nikaamua sitamwuliza lolote la ukweli kuhusu mama yangu. Nitamtegea uongo. Muongo anayetaka kukupendeza hukubali kila unachosema.

Mayoni kwao nilimkuta Konsolata kibarazani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinuka.

"Umechelewa," akasema. "Nilikungoja juzi. Karibu kiti. Unakunywanga chai na maziwa?"

"Nakunywa nikijua imepikwa na nani."

"Imepikwa na mimi. Nikitaka kukuua nitangoja ukae, mtu wa kuanguka amesimama ananivunjia vikombe."

Chai ilikuwa nzuri, na hilo liliniudhi. Nikasubiri amalize ungo mmoja, halafu nikatupa mtego wa kwanza, taratibu, kama mtu anayekumbuka. "Mama yangu, mrefu vile, sijui nilirithi kwa nani ufupi huu."

Konsolata akainua uso. "Mrefu nani? Khasandi? Khasandi alikuwa kama wewe hivyo, futi na nusu. Akikasirika na baba alikuwa anapanda juu ya kinu ndiyo watazamane uso kwa uso."

Nikameza chai. Ni kweli. Nyumbani alikuwa akipanda kigoda.

Nikatupa wa pili. "Na kuimba je! Kanisani alikuwa akiimba mpaka watu wanalia."

"Walikuwa wanalia, ndiyo, kwa maumivu. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala. Mchungaji alimwomba awe anapiga makofi tu." Akasimamisha mkono ndani ya maharagwe, akanitazama. "Dada, unanijaribu?"

"Nakumbuka tu."

"Jaribu. Mimi sina haraka, miwa yangu bado haijakomaa."

Nilijiambia mtu anaweza kusikia hayo kwa majirani. Ufupi unaonekana na kila mtu. Sauti mbaya inavuka mto. Sikulegea. Nilimwuliza habari za mwalimu wa Mumias. Alisema ndiyo, yupo, mama yake Protas alimtaka, na Protas alikataa mbele ya baba yake. "Huyo kijana amemshika Bevalini wako kama kupe. Siku tuliyotoka kwenu alirudi kwa miguu, akakataa kupanda gari letu. Unafikiri nilifurahi kusukuma sahani ile? Mguu wa kuku ndio kwanza nilikuwa nimeupata."

Jioni alinionyesha chumba cha kulala. Nikaweka mkoba, nikainama juu ya kitanda.

Shuka lilikuwa limevutwa mpaka limekazana, na kwenye kona, upande wa miguu, lilikunjwa mara mbili na kuchomekwa chini ya godoro, kona imekaa kama bahasha. Mnajua natandika vipi vitanda vyangu. Wakaza-wana wangu wamelia kwa ajili ya kona zile. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mke wa Mzungu wa dhahabu, kwa kupigwa vidole kila kona ilipolegea. Maisha yangu yote sijaona nyumba ya mtu wetu ikitandika hivyo. Nilidhani ni siri yangu na mama.

"Nani ametandika?" nikauliza.

"Mimi. Ndivyo Khasandi alivyotufundisha. Alikuwa akija mara moja kwa mwaka, anakuja na mkate wa kwa Mzungu na nguo kuukuu za watoto, na kabla hajaketi ameshavua vitanda vyote. Alisema kwao hapa hapatalalwa kama zizini."

Kwao. Alikuwa akisema kwao. Nilikumbuka siku zile mama anajifunga leso mpya, anasema anakwenda nyumbani, mimi naachwa kulinda wadogo zangu. Kumbe alikuwa akija hapa. Niliketi juu ya kona ile. Konsolata akasema tu, "Usilie juu ya shuka langu, nimelifua leo," kisha akaketi karibu yangu na kunishika goti.

Asubuhi nilikuwa nimeshakubali. Bevalini hana mume Mayoni. Nilikuwa nafunga mkoba wakati Konsolata alipotoa la moyoni, lililokuwa limemkaa tangu utoto.

"Kuna kitu nyumba yenu ilitufanyia. Khasandi alipokufa, baba yangu na ndugu zake walikuja Lubao kumzika dada yao. Walipofika walikuta mnyama wa kwao ameshatolewa. Wamepewa watu wengine, kutoka msituni, kutoka Buyangu. Baba zenu wakasema wale ndio wa kwao. Baba yangu aligeuka na watu wake, wakarudi kwa miguu bila kuonja kitu. Hakulitaja tena boma lenu mpaka anakufa."

Wasiojua wajue hivi. Mwanamke aliyeolewa akifa, watu wa kwao alikozaliwa huja matangani, na wafiwa huwapa mnyama. Hapo ndipo dunia nzima inaona alitoka mlango gani. Kumpa mtu mwingine mnyama yule ni kumwambia baba mbele za watu kwamba mtoto hakuwa wake.

"Kwa nini walisema hivyo?" nikauliza.

Konsolata akajibu, "Wakubwa walisema Khasandi aliletwa hapa mdogo, anakotoka sijui. Mimi nilimkuta ni shangazi. Sikuuliza."

Nikarudisha mkoba chini. Kumbe kuna mlango mwingine! Kama mama yangu alizaliwa Buyangu, basi damu ya Protas na ya Bevalini hazijakutana kabisa, na harusi ipo. Nilimshuku tena Konsolata, safari hii kwa upande wa pili. Alijua jambo hili na hakulisema nyumbani kwangu. Nilimwambia hivyo.

"Sikulisema kwa sababu si kweli kwangu," akanijibu. "Nenda Buyangu ukaione kweli ya kwao."

Mjini Kakamega nililala kwa rafiki yangu wa kanisa. Sikutaka kupita nyumbani na jibu nusu, Bevalini anisome uso. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, nikafika Buyangu.

Pale barabara inaingia msituni hewa inabadilika, inakuwa ya baridi na harufu ya majani mabichi, na nyani wamekaa kando kama watu wanaongoja kuajiriwa. Niliuliza kwa mwanamke wa mboga kama kuna wazee wanaokumbuka binti aliyeitwa Khasandi. Alinielekeza nyumba ya mwisho kabla ya uzio wa msitu, kwa Mama Loisi, mjane mkongwe kuliko wote pale.

Nilimkuta mwanawe kwanza. Anaitwa Hezroni, mtu mzima, kazi yake kuwatembeza wageni msituni kuwaonyesha ndege. Alisimama langoni na darubini shingoni, hakufungua.

"Unamtafuta mama kwa jambo gani?"

"Mimi ni mtoto wa Khasandi, aliyezaliwa hapa."

Nikaona uso wake unafungwa kama duka. "Aha. Wewe ni wa ngapi? Mama, kama ni habari ya shamba, kesi iko kortini, panga foleni. Juzi amekuja mwingine wa Eldoret, naye mtoto wa binti. Siku hizi mabinti wote wa zamani wamezaa mawakili."

Mimi, niliyetoka kwangu nikimshuku kila mtu, kumbe sijawahi kushukiwa vizuri! Inauma, jamani. Alinitazama viatu, akanitazama mkoba, akatafuta karatasi kwa macho.

"Sitaki udongo wako," nikamwambia. "Hata ukinifungia kwenye leso sichukui. Nataka neno moja kwa mama yako, nikipewa naondoka."

"Hivyo ndivyo wanavyoanza."

"Hezroni!" Sauti ikatoka ndani, nyembamba lakini kali. "Amesema Khasandi? Mwache aingie, nione kama ana kidevu."

Mama Loisi alikuwa mdogo, amekunjamana kwenye kiti, haoni vizuri. Alinivuta chini, akanishika kidevu kwa vidole vikavu. "Ni chake," akasema. "Mume wangu alikuwa nacho hichohicho. Khasandi alikuwa dada yake."

Aliniambia bila kupamba. Baba yake Khasandi aliingia kuwachimbia wazungu dhahabu, shimo likamwangukia. Mama akaolewa kwingine akaenda zake. Ndugu za marehemu wakagawana shamba. Mvulana, huyo aliyekuja kuwa mume wa Loisi, alibaki, kwa sababu mvulana ana kuni za kupasua na jina la kubeba. Msichana alikuwa mdomo tu, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Wakampeleka sokoni, wakamwachia mwanamke wa Mayoni aliyekuwa akiuza vyungu.

"Mlimwuza?" nikauliza.

"Tungepewa nini, mwaka wa njaa? Tulimwacha. Waliniambia alikuwa na kikapu chake kidogo, na hakulia."

"Na mlikwenda kumwona baadaye?"

"Kufanya nini?"

"Lakini matangani mlikwenda."

"Alikuwa ameolewa boma lenye ng'ombe," Mama Loisi akasema, na hakuona haya. "Mume wangu alisema damu ni damu. Alirudi na dume jeusi. Tulikula."

Hezroni alikuwa ameegemea mlango anasikiliza. Nikawaeleza sababu ya safari yangu, habari ya Bevalini na Protas, na kwamba ninachohitaji ni mtu wa hapa aje aseme mbele ya wazee kwamba Khasandi alikuwa wa Buyangu, si wa Mayoni. Laiti mngeuona uso wa Hezroni ukifunguka! Duka likafunguliwa mpaka madirisha.

"Kwa hiyo hakuna habari ya shamba? Ni harusi?" Akavuta kiti karibu. "Mama, ungesema mapema! Sisi ndio wajomba. Nitakuja mwenyewe, nitakuja na mashahidi. Na kwenye mahari kuna ng'ombe wa wajomba, si ndiyo? Dume la mwaka ule lilitolewa kwetu, hiyo njia imeshafunguka." Akaita nje kuku akamatwe.

Kuku alipigiwa kelele uani. Nilipata nilichotaka, bila jasho, na mashahidi juu. Nikala kidogo, nikasogeza sahani. Kila Hezroni alipojiita "mjomba, mjomba" nilimwona msichana amesimama sokoni na kikapu, anawatazama watu hawa wakiondoka.

Alasiri nilirudi Mayoni. Ningeweza kwenda nyumbani moja kwa moja, lakini Hezroni kusema ya Buyangu peke yake kungeacha nafasi ya fitina. Nilitaka ukoo wa Protas nao useme mbele ya watu kwamba Khasandi hakuwa binti yao, walimpa mahali pa kulala tu. Na mwenye kusema hilo ni mkubwa aliyebaki katika nyumba ile. Ni Konsolata.

Nilimkuta anakusanya maharagwe yaliyokauka. Nikamweleza yote niliyoyasikia, kuanzia shimo la dhahabu hadi dume jeusi. Nilipofika kwa mwuza vyungu alikaa chini, hapo hapo kwenye udongo.

"Huyo ni nyanya yangu," akasema. "Vyungu ni vya nyanya yangu. Hakutuambia kamwe kwamba alimwokota."

"Sasa unaona," nikamwambia. "Njia ipo. Watoto hawana damu moja. Neno lako moja, Konsolata. Sema mlimtunza tu. Protas wako anaoa, Bevalini wangu anaacha kulia, na mwalimu wa Mumias anatafuta mwingine."

Trela ilipita barabarani, ikatikisa mabati, ikaishilia.

"Ng'ombe za Khasandi alipoolewa zilikuja hapa," hatimaye akasema. "Babu yangu alizipokea kama baba. Kwa ng'ombe hizo baba yangu alioa mke, na huyo mke ndiye alinizaa mimi. Mimi nimekuja duniani kwa ng'ombe wa mama yako. Halafu nisimame mbele za watu niseme hakuwa wetu?"

"Ni maneno tu. Ni kwa ajili ya watoto."

"Walimtupa sokoni. Halafu nyinyi mkamtupa tena matangani, mkawapa waliomtupa mnyama wake. Unataka mimi niwe wa tatu?" Sauti yake haikupanda. "Protas atalia. Nimemlea mwenyewe, najua anavyolia. Lakini sitasema. Kama wazee wako wanataka kusikiliza ya Buyangu, wasikilize, wafanye harusi, sitakuja kuwalaani. Mimi sitatoa mdomo wangu. Yeye ni shangazi yangu."

Nilikuwa nimetoka Lubao nikiamini mwanamke huyu amembeba marehemu wangu kama kisingizio cha kumkataa mjukuu wangu. Na sasa alikuwa anampotezea mjukuu wake mwenyewe furaha, ili asimwachie marehemu wangu mkono. Sijawahi kumkosea mtu kiasi hicho ndani ya kichwa changu. Nikaketi naye kwenye udongo, tukaokota maharagwe mpaka ungo ukajaa.

Nililala tena kwa Konsolata, na kesho yake Lubao nilifika jua likizama. Bevalini alikuwa uani anasuuza sufuria. Hakuniuliza habari za safari. Alifuta mikono, akageuza ndoo, akaikalia, akaningoja.

Nilimwambia kila kitu kama nilivyowasimulia hapa, sikupunguza. Nikamwambia njia ipo: Hezroni yuko tayari na mashahidi wake, wazee watakubali, na Konsolata hatazuia. Na nikamwambia alichosema Konsolata.

"Na wewe Kukhu, unaniambia nichukue ipi?"

"Sikuambii. Mimi nimeenda, nimeona, nimerudi. Wewe ndiye utakayelala na hilo jambo, ulisema mwenyewe."

Kisha akauliza kitu ambacho mimi, na uzee wangu wote, sikukiuliza. "Hao wa Buyangu, siku ya harusi, wangekaa pale mbele? Kwenye viti vya watu wa kwetu?"

"Ndiyo. Wangekaa mbele."

"Na huyo mama wa Mayoni?"

"Asingekuwepo kama mtu wetu. Angekuwa mgeni tu wa upande wa pili."

Alilia hapo, kilio cha kuinama. Sikumnyamazisha, maana hakuwa analia uongo. Mimi nilikwenda kutafuta mama yangu alikozaliwa, nikidhani nikipajua nitakuwa nimejua kwao. Kwao palikuwa kule walikomwekea kitanda, na hilo halihitaji mzee wala shahidi. Lakini kumwambia hivyo msichana mwenye viatu vipya vya harusi, nani ana mdomo huo? Mimi sikuwa nao.

Kulikuwa bado kuna mwanga kidogo alipochukua simu mfukoni. Alimpigia Protas. Nilimsikia kijana anaitikia haraka upande wa pili, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi siku zote hizo. Bevalini akafumba macho.

"Habari za jioni," akasema, "kaka."